Mtu wa Kumi na Nne

Dell Hruska aliniambia anaondoka huku mkono wake wa kulia umezama ndani ya ng'ombe wetu mpaka begani.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya mkutano wa mchujo, na baridi ilikuwa ile ya Januari inayogandisha pumzi kwenye nyusi. Ng'ombe wetu Dagny alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza na ndama amekaa vibaya tumboni. Mimi nilishika mkia kwa mkono mmoja na ndoo ya maji ya moto kwa mwingine. Dell alikuwa ameegemeza shavu kwenye ubavu wa Dagny, amefumba macho, anapapasa huko ndani kwa vidole vyake. Basi kwa sauti ile ile anayoombea sabuni akasema kwamba zahanati moja ya mifugo kule jimbo la Dakota Kusini imempa kazi, na kwamba wanataka jibu kesho kabla ya saa tatu asubuhi.

"Utawajibu nini?" nikamuuliza.

"Inategemea wewe."

Mimi ni mtu wa kunyamaza, na Dell ananijua. Alifumbua macho akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe, na nikatamani Dagny asizae haraka, ili mtazamo ule usiishe.

"Marit," alisema, "mwaka mzima naingia kwenu kwa mlango wa zizi. Nimewazalishia ng'ombe tisa. Sijui hata viti vya jikoni kwenu vina rangi gani."

"Vya kijani."

"Asante. Sasa nitalala usingizi." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Kura yako ya leo siitaki. Msimamie umtakaye. Ninachotaka ni uyataje mbele ya baba yako, jina langu na lako, kwa pumzi moja. Ukishindwa sitakulaumu. Nitajua tu, nitakwenda zangu."

Ndama alitoka baada ya nusu saa, jike, hai, miguu ikimtetemeka. Dell alimpangusa pua kwa nyasi kavu, akanawa mikono kwenye ndoo yangu, akaondoka na pikapu lake. Nilibaki nimemkumbatia yule ndama, nikilia kwenye manyoya yake yaliyolowa.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo dogo namna ile lilinishinda, inabidi ajue habari ya miguu.

Hapa Nordby watu wa chama chetu humteua mgombea wa urais kwa miguu yao. Hatuna karatasi wala sanduku. Mara moja kila miaka minne, saa moja jioni, tunakusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na kila mtu anakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya mwalimu wake wa zamani, mchungaji wake, na mtu anayemuuzia mbegu. Kona isiyofikisha watu kumi na watano katika kila mia inakufa. Hapo inatolewa nusu saa ya kubembelezana: wa kona iliyokufa waende kwingine, au wawavute wengine waje kuifufua, au warudi nyumbani.

Miaka kumi na miwili iliyopita Baba alikuwa kiongozi wa kona, na rafiki yake wa tangu utotoni, Mzee Vencil Hruska, alisimama ubavuni pake. Wawili hawa walikuwa wakikata nyasi kwa mashine moja, wakikopeshana madume. Katika ile nusu saa, bila neno, Vencil alijitenga na Baba, akavuka sakafu nzima, akaingia kona ya pili. Kona ya Baba ikafa kwa kupungukiwa mtu mmoja. Toka jioni ile Baba hakumtamkia Vencil Hruska neno hata moja, na mji mzima ukampa mzee yule jina la Miguu. Dell wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Alipopita kwenye ujia wa shule, wenzake walikuwa wakipiga soli zao sakafuni, tap, tap, tap. Alinisimulia hayo siku ya pili ya kuonana kwetu zizini, akicheka, lakini alikuwa ananawa mikono, na aliinawa muda mrefu mno.

Baba alipopata kiharusi, mwaka juzi mwezi wa nne, niliacha kazi yangu ya maktaba mjini Des Moines nikarudi kukamua. Maneno yalimtoka Baba yote. Daktari alisema yatarudi kama ng'ombe wanavyorudi jioni, mmoja mmoja, na mengine hayatarudi. Shangazi Borghild, dada yake Baba, alihamia kwetu kutusaidia. Ndiye aliyemwita Dell kwa ajili ya mifugo, kwa kuwa daktari mwingine yuko mwendo wa saa nzima. Lakini alimwekea mpaka. "Miguu ya Hruska haivuki kizingiti cha nyumba hii," alisema, na Baba, kwenye kiti chake cha dirishani, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo tulipendana zizini, na tulipendana kwa kubishana. Wasichana wengine huimbiwa. Mimi nililetewa Gavana Castellane, mwanamke mwenye sauti nzuri kutoka jimbo la milimani, ambaye Dell alimtetea kuanzia mwezi wa tisa kama vile ni shangazi yake. Mimi nilimtetea Seneta Haddow, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye koti moja la baridi, ambaye Baba alimfuata tangu mimi sijazaliwa.

"Haddow ni mtu mwema aliyechoka," Dell aliniambia mara moja. "Rais hachaguliwi kama mtu wa kukushika mkono mazikoni."

"Anakumbuka jina la marehemu mama yangu."

"Kukumbuka jina la mama yako hakujengi barabara."

"Kulisahau kunajenga?"

Alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Kisha akasema neno lililonichoma, na ambalo nililala nalo siku nyingi. Alisema, "Tatizo lako, Marit, wewe humsimamii Haddow. Unamsimamia baba yako." Nilijitazama ndani nikaona huenda ni kweli.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilimvalisha Baba buti, nikamfunga skafu, nikamshika mpaka garini. Katika mfuko wa koti langu ilikuwamo karatasi. Kila kona hupewa dakika moja ya kumnadi mgombea wake, na kwa miaka ishirini Baba ndiye alikuwa msemaji. Safari hii aliandika kwa mkono wa kushoto, wiki tatu, kila usiku mistari miwili au mmoja, akaikunja, akanipa jana yake baada ya ibada. Aligusa kinywa chake, kisha akagusa changu. Nilielewa. Alinikataza kuisoma kabla.

Ukumbi ulinuka nta ya sakafu na makoti ya sufu yaliyolowa. Watu walikuwa tisini na wawili. Mwenyekiti, Bi Verlene Osterhaus wa posta, aliweka mezani saa yake ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai, ili msemaji asizidishe dakika. Kona ya Gavana ilikuwa chini ya mlingoti wa kikapu cha kaskazini, na watu wake walijaa mpaka kwenye ngazi. Yetu ilikuwa kusini, karibu na mlango wa vyoo. Tajiri mmoja mwenye viwanda alikuwa na kona ya tatu, yenye kelele na peremende.

Dell alikuwa amevaa shati jeupe, na nywele amezilaza kwa maji. Mzee Vencil alisimama nyuma yake, mrefu, amejikunja mabegani, kofia mkononi. Mimi nilisimama baina ya Baba na Shangazi Borghild. Umbali kati yangu na Dell ulikuwa uwanja mzima wa mpira wa kikapu, na nilihisi joto la uso wake kama vile nimekaa na jiko.

Bi Verlene aliita kona ya Castellane kwanza. Dell alikwenda katikati. Hakutazama karatasi.

"Seneta Haddow ni mtu mwema," alianza, "na angekuwa jirani yangu ningefurahi. Sina ubaya wa kumsema. Lakini wodi ya wazazi ya mji huu imefungwa mwaka wa tatu sasa. Msimu uliopita dada yangu Zdenka alijifungua barabarani, kwenye theluji, na aliyempokea mtoto ni mimi, daktari wa ng'ombe. Mtoto yupo hapo, mnamsikia analia. Angeweza asiwepo. Gavana Castellane amefungua wodi kumi na moja katika jimbo lake. Mimi moyo mwema naupenda, ila usiku ule nilihitaji mlango ulio wazi."

Alirudi mahali pake kabla saa ya mayai haijalia. Nami nikajua amesema kweli, na kwamba nampenda zaidi kwa sababu amesema bila kumtukana mtu.

Kisha likaitwa jina letu. Sijui nilifikaje katikati. Nilifungua karatasi, na herufi za Baba zilikuwa zimelala huku na huku kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nilisoma kwa sauti ndogo, mtu mmoja nyuma akaniomba nipandishe, nikapandisha.

"Jina langu ni Arvid Tollefsrud. Siwezi kusema, anasema binti yangu. Seneta Haddow amekuja Nordby mara tano. Mara nne alikuja kuomba kura. Mara ya tano alikuja hospitali, kwangu. Hakuleta mpiga picha. Nilikuwa sina neno hata moja. Watu walionitembelea waliongea sana, kwa sababu waliogopa kimya changu. Yeye alivuta kiti, akakaa saa nzima, hakuongea. Alipoondoka alinishika mguu. Rais anatakiwa kukaa na watu wasioweza kusema. Wengi hawawezi. Huyu nimemwona."

Saa ya mayai ililia. Nilikuwa nimemaliza, lakini sikuweza kuinua uso. Sikuwa na habari ya ziara ile ya hospitali. Nilikuwa nimekwenda kulala kidogo saa ile, na Baba kwa miezi ishirini alikuwa hana maneno ya kunisimulia. Nilipoinua macho hatimaye, macho ya kwanza kukutana nayo yalikuwa ya Dell, na yalikuwa yamelowa.

Ikaja hesabu. Kila kona hujihesabu kwa sauti, mtu mmoja mmoja, mwenyekiti akiandika. Kwa watu tisini na wawili ilitakiwa kumi na wanne. Kona ya Gavana ilifika arobaini na wanane, na ya tajiri thelathini na mmoja. Yetu ilianza kwa Shangazi Borghild, "Moja," ikapita kwa wazee wa kanisani na mwalimu wa muziki, ikafika kwangu, "Kumi na mbili," kisha kwa Baba. Alivuta pumzi. Shingo ilimkakamaa.

"Kumi... na... ta... tatu."

Tukangoja. Baada yake palikuwa na ukuta tu.

Bi Verlene alituhesabu tena yeye mwenyewe kwa kidole, kwa huruma, kisha akatangaza kwamba kona ya Seneta Haddow imepungukiwa mmoja, na nusu saa imeanza. Baba alitazama sakafu. Mara ya pili katika maisha yake, ukumbi ule ule, upungufu ule ule wa mtu mmoja.

Desturi ni kwamba kona kubwa hutuma mtu kuja kuwabembeleza wa kona iliyokufa, na aje na kitu mkononi. Wa tajiri walikuja na peremende, Shangazi Borghild akawarudisha. Wa Gavana walisukumana kidogo, kila mmoja akimtazama mwenzake, maana hakuna aliyetaka kumkabili Arvid Tollefsrud. Mwishowe akatoka Dell. Alivuka sakafu na sahani ya kolache, ile mikate midogo ya jamu ya akina mama wa Kicheki, na niliposikia visigino vyake kwenye mbao nilijua kwamba saa tatu ya kesho imenijia leo.

"Tazama," Shangazi alisema, wala hakupunguza sauti. "Miguu mdogo katuletea njia ya kuhama."

"Nimewaletea mikate, Mama Borghild. Njia mnaijua." Dell alimsalimia Baba kwa heshima, akaeleza kifupi kwamba Gavana angefurahi kuwapokea, kisha akaweka sahani kwenye benchi. Hakunitazama. Alikuwa ananipa nafasi, au ananipa njia ya kukimbia. Yote mawili yako katika tabia yake.

Nilimshika Baba mkono, ule wa kulia usio na nguvu.

"Baba, huyu ni Dell."

"Na... jua."

"Hujui yote. Mimi na Dell tunapendana. Ni mwaka sasa. Nilikuficha kwa woga, kosa ni langu, si lake."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini ukumbi wa michezo hauna siri. Mazungumzo yalikatika kuanzia kona yetu kwenda nje, kama duara kwenye maji. Shangazi Borghild alinigeukia, rangi imempanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo na wewe unahama," alisema. "Mbele ya watu. Kama baba yake alivyotufanya."

"Sihami, Shangazi." Sikuuachia mkono wa Baba. "Nampenda huyu, na nasimama hapa. Dell alinishutumu kwamba simsimamii Haddow, nakusimamia wewe, Baba. Mpaka jioni ya leo sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Nasimama hapa kwa ajili ya ile saa moja hospitalini. Hata ungeondoka wewe, mimi ningebaki."

Baba alinitazama muda mrefu. Uso wake upande mmoja umekufa, na upande ulio hai ulikuwa unafanya kazi ya pande mbili. Kisha akamgeukia Dell. Aliinua fimbo yake, akaonyesha sakafu tupu kando yake.

"Njoo," alisema. "Kumi... na... nne."

Kila mtu alielewa. Mtu mmoja tu, na kona inafufuka. Mtu mmoja, na Arvid Tollefsrud asingekuwa na sababu ya kumfungia mlango. Dell alibadilika rangi. Niliomba Mungu avuke, na papo hapo nikaomba asivuke, na sijui ombi lipi lilikuwa la kweli.

"Hapana, mzee," Dell alisema. "Nampenda binti yako kuliko kitu chochote ninachokijua. Lakini yule mtoto analia pale kwenye ngazi. Nikivuka leo kwa sababu yako, kesho hutajua nasimama wapi. Na Marit hatajua. Nitakuwa nimempa kitu kibovu."

Alisubiri kama mtu anayesubiri kofi. Baba alishusha fimbo yake. Dell aliinamisha kichwa, akageuka, akarudi kaskazini, na mimi nilihesabu hatua zake. Zilikuwa ishirini na sita. Nilifikiri: basi, ndiyo imekwisha hivyo. Nimelitaja jina lake, naye ameniheshimu, na tumeachana kwa mambo mazuri matupu.

Bi Verlene akatangaza dakika nne zimebaki. Baadhi ya watu wetu walianza kuvaa makoti.

Hapo ndipo Mzee Vencil Hruska alipoweka kofia yake kichwani. Alimpita mwanawe, akamgusa bega, akaingia sakafuni. Alitembea polepole, buti zake za zizini zikigonga mbao zile zile alizozigonga miaka kumi na miwili nyuma. Huko ngazini mtu mmoja akaanza kupiga soli, tap, tap. Hakuna aliyemfuata. Akaacha.

Mzee Vencil alisimama hatua moja mbele ya Baba. Niliona sasa kwamba mikono ya Dell ameirithi kwake.

"Arvid," alisema. "Jioni ile Bohumila, mke wangu, alikuwa kule kwenye kona yake. Ugonjwa ulikuwa umembakiza mtu wa kilo arobaini. Nilimpelekea kiti akakikataa, alisema atasimama kama wengine, maana hatauona mchujo mwingine. Nikamwona anayumba. Nikaenda kumshika." Alivua kofia tena, akaigeuzageuza. "Nilipaswa kukuambia. Nilidhani umeona."

Baba alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Nilitaka kumsaidia, lakini aliutoa mkono wangu.

"Nili... ona," alisema. Jasho lilimtoka kwenye paji. "Niliona... Vencil. Nika... kasirika... hivyo hivyo."

Shangazi Borghild alijishika kifua. Alikuwa amebeba chuki ya kaka yake kwa miaka kumi na miwili kama mzigo aliodhani una kitu ndani.

"Basi," Mzee Vencil alisema. "Kule wako wengi, hawatapungukiwa. Watapiga soli tena mjini, wapige. Mke wangu hayumbi tena. Nimerudi nilipotoka."

Akaingia kwenye mstari, kulia kwa Baba, upande usio na nguvu. Walisimama mabega yao yakikaribiana, wazee wawili wakitazama mbele kama watu wanaopigwa picha.

Tukajihesabu upya. Shangazi alisema "Moja" kwa sauti iliyopasuka. Nilisema yangu. Baba akasema yake, kumi na tatu, kwa shida ile ile. Zamu ikamfikia Mzee Vencil, naye akawa bubu. Nilidhani amesahau. Kisha nikaona hajasahau; alikuwa anangoja ruhusa.

"Na huyo je?" Bi Verlene aliuliza, kalamu hewani. "Ni wa kwenu?"

Baba alimtazama Vencil Hruska usoni.

"Kumi na nne," akasema.

Alisema yote kwa mara moja, bila kukwama. Bi Verlene aliandika, na mwalimu wa muziki aliyekuwa nyuma yangu akaanza kupenga kamasi.

Watu walipokuwa wakikunja mabango, Baba aligonga fimbo sakafuni mpaka Dell akageuka kule kaskazini. Hakumwita aje. Alisema kutoka pale pale aliposimama, na kwa kuwa maneno yalimtoka taratibu, kila mtu alikuwa na nafasi ya kuyasikia.

"Jumapili. Chakula." Alipumzika. "Mlango... wa mbele."

Dell aliinamisha kichwa mara mbili, kisha akanitazama, yeye chini ya bango lake na mimi chini ya langu, na sakafu nzima katikati yetu, na sijawahi kuwa karibu na mtu kiasi kile.

Sasa, nyumba za mashamba huku kwetu mlango wa mbele haufunguliwi. Watu huingia kwa jikoni, na ule wa mbele ni wa majeneza na maharusi. Wetu ulitumika mara ya mwisho kumtoa Mama. Asubuhi iliyofuata, baada ya kukamua, nilipiga magoti kwenye kizingiti na birika la maji ya moto nikiyeyusha barafu ya tangu mwezi wa kumi na moja, Baba akiwa nyuma yangu na fimbo yake, akinionyesha palipobaki. Shangazi Borghild alikuwa jikoni akinung'unika kwamba Jumapili ni mbali, kwamba watu wana haraka kama wanazima moto.

Saa tatu kasoro dakika kumi simu ililia. Nilisikia viatu vya Shangazi, kisha sauti yake ikija ukumbini bila ya ukali wake wa kila siku.

"Ni yule wa ng'ombe. Anasema amewakatalia watu wa Dakota. Na anauliza eti viti vya kijani vipo vinne au vitano, maana baba yake naye angependa kuja."

Nilimtazama Baba. Alihesabu kwa vidole vya mkono wake mzima, polepole, kidole baada ya kidole: yeye, mimi, Shangazi, Dell. Kidole cha tano kikawa cha Vencil. Akanionyesha kitanga chote kilichofunguka, kisha akaweka bega lake kwenye mlango, nami nikaweka langu. Ulilia, ukashika, ukalia tena, kisha ukafunguka.